Mkupuo wa milioni 35, pensheni ya 352,800: kisa cha mwalimu mjane anayestaafu

Mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro anatimiza miaka 60 mwezi Agosti 2026. Aliajiriwa Septemba 1996, akiwa na watoto wawili tayari. Mumewe alikuwa fundi seremala, hakuwa mwanachama wa mfuko wowote wa hifadhi ya jamii, na alifariki 2015. Mwalimu anaishi kwenye nyumba waliyojenga pamoja, kwenye kiwanja ambacho ofa yake, yaani barua ya kumilikishwa, ina jina la marehemu. Anamtunza mama yake mzazi na wajukuu wawili. Ana watoto watatu wakubwa, na kila mmoja ana wazo lake kuhusu mafao.

Kisa hiki ni cha mfano, kimeunganishwa kutokana na mambo yanayowakuta walimu wengi wa kike. Kanuni za mafao ni zile za PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma. Mshahara, bei na viwango vya faida ni tarakimu za mfano, zimewekwa ili hesabu ifuatike hadi mwisho. Mwenye mshahara tofauti abadilishe namba tu, njia ni ileile.

Anachodai hasa

PSSSF ilianza kazi Agosti 2018 baada ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuunganishwa. Mwalimu huchangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 15, lakini mafao hayahesabiwi kwa jumla ya michango. Yanahesabiwa kwa vitu viwili: idadi ya miezi ya utumishi unaotambulika kwa pensheni, na wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho.

Miaka yake mitatu bora ina mishahara ya mwezi ya 960,000, 1,010,000 na 1,075,000. Wastani ni 1,015,000 kwa mwezi, yaani 12,180,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 580, kigawanyo cha kanuni ya sasa: unapata 21,000. Hii ndiyo namba ya kuandika juu ya daftari, maana ndiyo thamani ya kila mwezi mmoja aliofanya kazi. Kila mwezi unaotambuliwa unamwongezea pensheni kamili ya shilingi 21,000 kwa mwaka.

Kuanzia Septemba 1996 hadi Agosti 2026 ni miezi 360. Kati ya 2004 na 2006 alichukua likizo bila malipo ya miezi 24 kumfuata mumewe aliyepata kazi mkoa mwingine. Michango haikwenda. Inabaki miezi 336.

21,000 mara 336 ni 7,056,000. Hiyo ni pensheni kamili ya mwaka. Kwa kuwa alitoka PSPF, mkupuo wake ni asilimia 40 ya pensheni hiyo ikizidishwa kwa 12.5, kizidisho cha kanuni hiyohiyo, sawa na 35,280,000. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa miezi 12: 352,800 kila mwezi, maisha yake yote.

Jirani yake aliyestaafu mapema 2022 alipata mkupuo mkubwa kuliko huu kwa mshahara mdogo kuliko huu, na hapo ndipo maneno yanapoanzia. Wanachama wa zamani wa PSPF na LAPF walikuwa na kikokotoo cha 1/540, nusu ya pensheni ikilipwa kwa mkupuo, kizidisho 15.5. Kanuni za 2018 zilishusha mkupuo hadi asilimia 25, kelele zikawa nyingi, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akasitisha. Julai 2022 kikaja kikokotoo kimoja cha asilimia 33 kwa wote. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa waliokuwa kwenye asilimia 50, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Kwa kanuni ya zamani, hata kwa wastani huuhuu, mwalimu wetu angepata mkupuo wa kama milioni 58.7. Lakini pensheni yake ya mwezi ingekuwa kama 315,800, pungufu kwa 37,000 kuliko sasa. Watu huitaja ile 58 na kuinyamazia hii ya pili. Kwa mwanamke, ambaye kwa kawaida huishi zaidi ya mwanamume, ile ya pili si ndogo hata kidogo.

Akifikisha miaka 85, pensheni ya mwezi peke yake itakuwa imemlipa 105,840,000. Mkupuo unaozungumzwa mtaa mzima ni robo tu ya fedha zake za uzeeni.

Miezi inayopotea kwenye makaratasi

Taarifa yake ya michango ilionyesha miezi 295, siyo 336. Tofauti ya miezi 41 ina sababu mbili, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni miezi 34, Septemba 1996 hadi Juni 1999. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali hawakuwa wanachangia. Pensheni ilikuwa mzigo wa Hazina. Utumishi huo unahesabika, ila hautaonekana kwenye taarifa ya michango kwa sababu mchango haukuwepo. Ushahidi wake ni barua ya ajira ya kwanza na barua ya kuthibitishwa kazini. Asiye nazo anapaswa kuzitafuta kwenye jalada lake la halmashauri mapema, si wiki ya mwisho. Miezi 34 ina thamani ya 3,570,000 kwenye mkupuo na 35,700 kila mwezi hadi kufa. Ni karatasi mbili.

Ya pili ni miezi 7 aliyohama halmashauri moja kwenda nyingine. Mshahara ulilipwa, makato yalikatwa, lakini mchango haukuonekana kwenye namba yake ya uanachama. Hapa dawa ni hati za mshahara za miezi hiyo. Anaandika barua kwa mfuko kupitia mwajiri, anaambatisha nakala za hati hizo, na anabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama hati zimepotea, afisa utumishi anaweza kutoa kumbukumbu za malipo, ingawa kwa miaka ya zamani zoezi hilo huchukua muda mrefu. Thamani yake: 735,000 kwenye mkupuo, 7,350 kila mwezi.

Ile miezi 24 ya likizo bila malipo hairudi. Imemgharimu 2,520,000 kwenye mkupuo na 25,200 kwa mwezi, ambayo kwa miaka 20 ni zaidi ya milioni 6 nyingine. Uamuzi ule ulikuwa wa familia. Hasara imeangukia kwa mmoja. Kwa mwanamke kijana anayefikiria likizo ya namna hiyo leo, hesabu hii iwekwe mezani mume akiwepo, na wakubaliane kiasi cha kuwekwa kwa jina la mke kila mwezi kufidia pengo. Shilingi 20,000 kwa mwezi kwa miaka 20, zikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, hufika kama milioni 15.

Tatizo la tatu la makaratasi huwapata wanawake zaidi: jina. Cheti cha kidato cha nne kina jina la baba, barua ya ajira ina jina la baba, kitambulisho cha NIDA kina jina la mume, akaunti ya benki ina herufi moja tofauti. Mfumo haujui kwamba hao watu wanne ni mtu mmoja. Kinachohitajika ni kiapo cha mahakamani, au hati rasmi ya kubadili jina iliyosajiliwa, kulingana na ukubwa wa tofauti, kisha kuhakikisha NIDA, benki, mwajiri na PSSSF wanasoma jina lilelile. Mwalimu huyu alilishughulikia hili kwanza, kabla hata ya miezi iliyopotea, kwa sababu barua nyingine zote zingeandikwa kwa jina litakalokubaliwa.

Mafao hulipwa ndani ya siku 60 baada ya nyaraka kukamilika. Neno zito hapo ni "kukamilika". Mshahara wa mwisho ni wa Agosti. Mwenye jalada lenye kasoro anaweza kufika Krismasi bila senti. Kwa hiyo tangu Januari anaweka 150,000 kila mwezi pembeni, zifike milioni 1.2 siku anapoondoka, na anaanza kufuatilia kibali cha kustaafu kutoka Tume ya Utumishi wa Walimu miezi sita kabla. Nauli na gharama ya kusafirisha mizigo ni haki yake pia. Iombwe kwa barua kabla ya siku ya mwisho, kwa sababu mtu akishaondoka ofisini hana wa kumsukumia jalada.

Mkopo wa benki

Mshahara wake wa sasa ni 1,075,000. Ukiondoa PSSSF 53,750, bima ya afya 32,250, chama cha walimu 21,500 na kodi ya mapato kama 134,000, inabaki kama 833,000. Benki inakata 250,000. Kwa hiyo amekuwa akiishi kwa kama 583,000. Hii ndiyo namba ya kulinganisha na pensheni, wala si mshahara wa kwenye barua ya kupandishwa daraja.

Mkopo unaisha Mei 2026. Mwaka mmoja kabla, ofisa wa mikopo alimpigia simu kumshauri atopu: salio lifutwe, achukue milioni 4 mkononi. Kwa mwenye miezi michache kazini, makato yanakuwa makubwa sana au deni linamfuata kwenye mkupuo. Alikataa. Makato yakiisha Mei, ile 250,000 ya Juni, Julai na Agosti nayo inaingia kwenye akiba ya kuvukia, 750,000 nyingine. Jumla 1,950,000: zaidi ya miezi mitatu ya matumizi.

Kipimo cha asilimia 8

Mkupuo ni pensheni yake mwenyewe, asilimia 40 yake, imelipwa mbele. Asilimia 40 ya 7,056,000 ni 2,822,400 kwa mwaka, au 235,200 kwa mwezi. Amepewa mara 12.5 ya kiasi hicho. Akikitumia kama mshahara bila kukizalisha, kinaisha akiwa na miaka 72 na nusu.

Sasa gawanya 1 kwa 12.5. Jibu ni asilimia 8. Maana yake, fedha yoyote ya mkupuo ikimpa asilimia 8 kwa mwaka baada ya gharama, imerudisha kile alichoachia na mtaji bado upo. Ikimpa pungufu, amejipunguzia pensheni kwa mkono wake. Kila wazo linaloletwa na watoto, mchungaji, shemeji au rafiki wa kikoba lipitishwe hapo: je, linaleta 8,000 kwa kila laki moja kila mwaka, kwa uhakika, hadi mimi nikiwa na miaka 80?

Mtoto wa kwanza anataka bajaji. Kwa milioni 10, kipimo kinadai 800,000 kwa mwaka, kama 66,700 kila mwezi, na bajaji haifiki miaka 20. Kwa hiyo inapaswa kurudisha pia mtaji wake ndani ya miaka minne au mitano: milioni 2 hadi 2.5 nyingine kwa mwaka. Dereva ni mwanaye. Siku akikosa kuleta hesabu, nani atakayemdai? Hapo biashara inakuwa zawadi, na zawadi ya milioni 10 ni zaidi ya robo ya mkupuo.

Mtoto wa pili, ambaye ana akili ya biashara kweli, alileta wazo zuri zaidi: kujenga fremu tatu mbele ya nyumba kwa milioni 18. Kodi 50,000 kila fremu. Kwa wastani wa miezi tisa yenye wapangaji kwa mwaka, ni 1,350,000, sawa na asilimia 7.5 kabla ya ukarabati. Si mbali na kipimo, na fremu ina sifa moja ambayo hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba isiyobadilika, hazina: kodi hupanda bei zinapopanda. Ingekuwa barabara kubwa, wazo lingestahili kupimwa tena. Tatizo lililoliua ni jingine.

Kiwanja si chake. Ofa ina jina la marehemu, mirathi haijafunguliwa tangu 2015, na shemeji mmoja kwenye misiba hupenda kusema "kwenye kiwanja cha kaka". Kujenga hapo kwa mkupuo ni kuongeza thamani ya mali ambayo kesho itagawanywa, bila kumbukumbu kwamba fedha ilitoka kwake. Sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 haimhesabu mjane kuwa mrithi pale ndugu wa mume wapo. Mwaka 2015 Kamati ya CEDAW ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia haki za wanawake, ilikosoa kanuni hizo kwenye shauri la wajane wawili wa Tanzania. Wanawake wengi husikia habari ya mila hiyo wakadhani ndiyo mwisho, wakanyamaza. Siyo mwisho: sheria itakayotumika inategemea maisha ya marehemu. Ndoa hii ilifungwa kanisani, waliishi mjini, watoto wamebatizwa. Kwa mirathi ya Kikristo isiyo na wosia, Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika nchini, humpa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Kwa Mwislamu mwenye watoto, mjane hupata moja ya nane. Tena kabla ya kugawa, mchango wake kwenye ujenzi unaweza kudaiwa kuwa wake: risiti za mabati, mkopo wa 2009 uliojenga vyumba viwili, hati za mshahara zinazoonyesha makato. Vyote vikusanywe.

Hatua zenyewe: cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili na ufilisi, kama hakipo, kikao cha familia chenye muhtasari uliosainiwa, kumpendekeza yeye kuwa msimamizi, ombi mahakamani. Mahakama ya Mwanzo imezoeleka kwa mirathi ya mila au ya sheria ya Kiislamu, kwa hiyo kwa hii ya Kikristo aulize kwanza ni mahakama ipi yenye mamlaka. Wengi hufungua pasipostahili, kisha shauri linafutwa wakati wameshagawana. Akiteuliwa, anawasilisha orodha ya mali na hesabu za mgawanyo, ndipo ofa ibadilishwe jina. Watoto wote watatu ni watu wazima na wamekubali kwa maandishi kumwachia mama sehemu zao akiwa hai. Kwa asiyeweza wakili, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, hutoa msaada wa kisheria kwa wanawake.

Mirathi ikamilike kwanza. Fremu isubiri, hata kama ni miaka miwili.

Upatu na "fursa" za faida ya asilimia 20 kwa mwezi haukupewa muda mezani. Watu wengi wa kawaida waliweka fedha DECI, upatu mkubwa, kabla haijazimwa 2009. Viongozi wake walitiwa hatiani 2013. Waliochanga hawakutajirika kwa hukumu hiyo. Kikoba chake anabaki nacho kwa kuweka hisa, ila hadhamini mkopo wa mtu na haachi kikoba kikopeshe mkupuo wake.

Mgawanyo wa 35,280,000

Shilingi 2,280,000 zinalipa mirathi, kubadili jina la ofa na kurekebisha paa la jikoni. Milioni 3 zinakwenda kwa dharura kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Fedha hutoka ndani ya siku chache za kazi, na muda huo mfupi una faida yake, kwa sababu anayekuja kukopa saa mbili usiku haipati. Milioni 10 zinakwenda Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, kwenye mpango wa gawio la kila mwezi, ambao kiwango chake cha chini ndicho hicho. Gawio si ahadi ya kudumu. Kwa makadirio ya asilimia 10 ni kama 83,300 kwa mwezi. Milioni 18 zinakwenda hatifungani za serikali. Milioni 2 zinabaki kwa mradi wake mdogo au kumsaidia mtoto malipo ya awali ya bajaji: fedha ambazo zikipotea zote, mpango hautikisiki. Aziite zawadi tangu mwanzo.

Hatifungani za serikali huuzwa kwenye minada ya Benki Kuu, na hununuliwa kupitia benki ya biashara au dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki ya kutunzia hatifungani. Kiwango cha chini ni milioni 1, kisha kwa nyongeza ya 100,000. Riba hulipwa kila miezi sita. Mnunuzi mdogo huomba bila kutaja bei, na hupewa bei ya wastani ya mnada. Hapo ndipo watu wengi huteleza. Bei ikiwa 108 kwa kila 100, milioni 18 hazinunui hatifungani za milioni 18. Zinanunua za milioni 16.6, kwa 17,928,000. Riba inahesabiwa kwenye 16.6, na siku ya kuiva atarudishiwa 16.6. Kuponi, yaani riba ya mwaka ya hatifungani, ikiwa asilimia 15 kwa bei hiyo inaleta 2,490,000 kwa mwaka, karibu asilimia 13.9 ya fedha aliyotoa. Bado ni nzuri. Lakini aliyepanga bajeti kwa 2,700,000 atashangaa. Bajeti hii imetumia asilimia 12 ya fedha iliyotolewa, makusudi, ili mnada mbaya usimkute wazi: 2,160,000 kwa mwaka.

Muda je? Ya miaka 25 ina kuponi nono, ila inaiva akiwa na 85. Inauzika sokoni kabla ya hapo, kwa bei ya siku hiyo, ambayo yaweza kuwa chini kuliko aliyonunulia. Kwa mwanamke wa miaka 60 mwenye mama mgonjwa na bila mwenza, busara ni kugawa mara mbili: milioni 9 kwenye ya miaka 10, milioni 9 kwenye ya 15 au 20. Achague pia minada ambayo miezi ya riba haigongani. Moja ikilipa Januari na Julai, nyingine Aprili na Oktoba, anapokea mara nne kwa mwaka, hata ada za Januari za wajukuu zinapata zamu yake.

Matumizi ya mwezi, na bei zinazopanda

Alivyoorodhesha: chakula 200,000, mama mzazi 60,000, wajukuu 60,000, umeme, maji na gesi 55,000, nauli na simu 40,000, kanisa, misiba na michango 40,000, dawa zisizo kwenye bima 30,000, matengenezo ya nyumba 40,000. Jumla 525,000.

Mstari wa mama mzazi una mtego. Kama mwalimu, alimweka mama kwenye kadi yake ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Kadi ya mstaafu ni ya mstaafu na mwenza wake, mama anatoka. Bima nyingine ya bibi wa miaka 82 itafutwe kabla ya Agosti, wala si siku ya kulazwa.

Mapato yake yote yakitumika ni 352,800 na 83,300 na 180,000, jumla 616,100. Inazidi hata ile 583,000 aliyokuwa akiishi nayo. Hapo mtu hupumua na kuanza kula kuponi nzima, na kosa hilo halionekani kwa miaka kumi ya kwanza. Pensheni haipandi yenyewe kila bei zinapopanda; huongezwa pale mfuko unapofanya tathmini na kuamua. Riba ya hatifungani haipandi kabisa. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, kikapu cha 525,000 kitagharimu kama 945,000 akiwa na miaka 75.

Kwa hiyo theluthi ya kila riba, kama 360,000 kila nusu mwaka, inakwenda Mfuko wa Ukwasi, mbali na zile milioni 3. Baada ya mwaka mmoja na nusu zimefika 1,080,000. Anatoa milioni 1 na kununua hatifungani nyingine. Anachotumia kutoka kwenye hatifungani ni 120,000 kwa mwezi, si 180,000. Mapato ya kutumia: 556,100. Yanatosha bajeti na kubaki 31,000. Ni maisha ya kubana kidogo miaka ya 60, wakati bado ana nguvu ya kufundisha twisheni au kulima bustani, ili asibanwe akiwa na 80.

Baada ya kustaafu

Kila mwaka wastaafu huhakikiwa. Asiyejihakiki pensheni husimama. Zoezi linafanyika hata kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani. Amfundishe mjukuu mmoja programu hiyo, lakini nywila abaki nayo mwenyewe. Simu za watu wanaojiita maofisa wa mfuko wakiomba "ada ya kuharakisha mafao" huanza wiki ileile ya kustaafu. Mfuko hautozi ada ya kulipwa mafao.

Akifariki, wategemezi hulipwa mkupuo wa pensheni ya miezi 36, kwa kiwango chake 12,700,800. Kumbukumbu za wategemezi zihuishwe kabla hajatoka kazini: jina la mume aliyefariki 2015 bado lipo kwenye fomu yake ya zamani. Milioni 18 za hatifungani na vipande vya UTT vitapita kwenye mirathi yake yeye, kwa hiyo aandike wosia na kuuhifadhi RITA, na ndani yake ataje namba ya akaunti ya CDS na ya UTT. Wajukuu anaowalea, kama anataka wapate kitu, atawaandika humo kwa majina, maana watoto wake watatu ndio mahakama itakaowaona kwanza.

Kilichobaki kuamuliwa ni fremu. Ofa ikishasoma jina lake, riba za miaka mitatu ya kwanza zitakuwa zimeonyesha kama anaweza kujenga fremu moja, kwa kutumia faida, bila kugusa ile milioni 18.